Springi ya Rula

Februari 3

Mdogo wangu,

Mimi mzima, wifi yako mzima, ni mgongo wangu tu unaodai haki zake. Bahasha yako imefika, na flashi nimeikuta salama ndani ya soksi ya mtoto. Nani mwingine angefikiria kusafirisha programu ya sayansi ndani ya soksi?

Umenifurahisha kuliko unavyodhani. Maabara yangu unaifahamu: meza nne, sinki kavu, na kabati ambalo ufunguo wake ulistaafu pamoja na mwalimu aliyenitangulia. Miaka kumi na minne nimefundisha majaribio kwa chaki. Nachora springi ubaoni, nachora mawe ya mizani, nachora na jibu, watoto wananakili. Halafu nashangaa kwamba hawajui kufikiri.

Kompyuta tunazo kumi na mbili, tulipewa mwaka juzi na ofisi iliyonunua mpya. Ni za zamani na zina kiburi. Kila asubuhi zikiwashwa zinalalamika kwanza kwa maandishi meupe, nabonyeza kitufe, zinanyamaza. Wifi yako namtafutia kitufe chake mpaka leo.

Jana nimeanza. Wanafunzi thelathini na sita, zamu tatu. Nikawaambia: leo hakuna maelekezo. Kila mmoja ana springi yake humo ndani ya kompyuta, na kazi ni kutafuta ugumu wake. Utatundika mawe gani, utapima mara ngapi, utaanzia wapi, shauri lako. Wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, tunaandika nini?" Waliochangamka ni wawili tu. Wa kwanza binti yangu. Wa pili rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye darasa zima linamwita Rula kwa sababu hatembei bila rula. Siku moja nilimkuta anapima kivuli changu.

Hao wawili ndio wanaowania ile nafasi ya shule maalumu ya sayansi. Kila shule inatoa mtoto mmoja, na hawa wamefungana kwa alama tangu mwaka jana. Nimemwambia mkuu wa shule kwamba kazi hii ya springi ndiyo itakayoamua.

Nina ombi. Kwa nilivyoona jana, kazi ya kila mtoto itajaza kurasa ishirini na zaidi. Wanafunzi ni thelathini na sita na macho yangu ni mawili. Huwezi kuniwekea kitufe kinachotoa majibu peke yake, kwa orodha?

Kaka yako

*

Februari 12

Kaka,

Shikamoo. Soksi ni ya kitinda mimba wangu, nirudishie, ana mguu mmoja unapata baridi.

Kitufe nimekuwekea, kipo kwenye flashi hii, lakini nimekuwekea shingo upande. Programu hii imenichukua miaka miwili. Sehemu ya majibu niliimaliza kwa siku moja. Muda wote uliobaki ulikwenda kwenye kurasa. Kila jiwe analotundika mtoto, kila anaporudia, kila anapofuta na sababu ya kufuta, vyote vinahifadhiwa humo. Humo ndimo utakapomwona mtoto anafikiri. Kwa hiyo orodha itumie, lakini usiishie hapo. Nakujua.

Na wizi usikutishe. Mtoto akifungua programu mara ya kwanza, inatazama saa ya kompyuta, kuanzia mwaka hadi chembe ya sekunde, na kutokana na hapo inamtengenezea springi yake peke yake. Tena vipimo vinatetemeka kidogo, kama mkono wa mtu. Mvivu anayepima mara moja atatoka na jibu bovu, anayerudia atausogelea ukweli. Wakinakiliana watajiumbua.

Msalimie binti. Mwambie shangazi yake anataka kuona kurasa zake, siyo jibu lake.

Mdogo wako

*

Machi 9

Mdogo wangu,

Nakuandikia nimesimama. Orodha imetoka na majibu yametawanyika kama ulivyosema. Isipokuwa wanafunzi wawili, wa meza moja, wameandika jibu lile lile mpaka tarakimu ya mwisho: 4.37.

Jambo hilo linaweza kutokea bila mtu kunakili? Nijibu ndiyo au hapana. Usinifafanulie sana, mkuu wa shule anataka jina kabla ya mwezi kwisha.

Kaka yako

*

Machi 15

Kaka,

Hapana. Programu nimeiandika mimi na ninaijua kama kiganja changu. Hakuna watoto wawili wenye springi moja. Mmoja amemchungulia mwenzake, basi.

Fungua kurasa zao ujue ni nani, kisha mvute masikio kwa niaba yangu. Nina wateja wawili mlangoni na mtoto ana homa.

Mdogo wako

*

Aprili 2

Mdogo wangu,

Mambo yamekwisha. Naandika hivyo na mkono wangu hauniamini.

Kuna kitu nilikuficha kwa aibu. Wale wawili ni binti yangu na Rula.

Binti yangu nilimwuliza nyumbani, wakati wa chakula. Nikamwambia, "Nitazame usoni. Ulinakili?" Akasema, "Baba, hapana." Mwanangu namjua, akidanganya masikio yake yanacheza. Hayakucheza. Basi akabaki mmoja.

Rula nilimwita chumba cha walimu. Nikamwuliza amepataje 4.37. Akasema, "Niliivuta springi nikaiachia, mwalimu, nikahesabu inavyopanda na kushuka." Nikamwuliza, "Hayo ya kupanda na kushuka nilikufundisha lini?" Akasema, "Hukunifundisha." Nikaona ananipiga chenga. Nikamwambia mashine haina rafiki wala adui, na aliyeitengeneza ni dada yangu wa tumbo moja, na amesema haiwezekani. Siku ya kwanza alikataa. Siku ya pili alikataa huku akilia. Siku ya tatu hakulia tena. Akasema, "Sawa, mwalimu. Nilinakili." Nikampa karatasi akaandika, akatia sahihi, mkuu wa shule akaifungia kwenye jalada.

Mama yake akaitwa. Ni mpiga pasi wa hospitali, alikuja na sare ya kazi, mikono bado ina joto la pasi. Alimsikiliza mkuu wa shule mpaka mwisho. Kisha akamzaba mtoto kofi moja mbele yetu, akasema, "Samahanini, walimu," wakaondoka.

Nafasi ameipata binti yangu. Hataki tena kukaa meza moja na Rula. Juzi nilimsikia akimwambia mama yake, "Miaka yote ile nakula naye sahani moja, kumbe mwizi."

Nakutumia flashi yenye kazi za darasa zima, zitakufaa kwa programu yako. Roho yangu haijatulia, lakini nadhani ni uchovu tu. Wifi yako anashona majina kwenye nguo za binti na anakusalimu.

Kaka yako

*

Aprili 20

Kaka,

Shikamoo. Mpe binti hongera zangu. Flashi nimeipata, asante. Huku kazi haziishi, kuna shule kumi na tisa zinataka programu kwa mpigo mmoja, na watu wake wanakuja kuniona wiki ijayo.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Kompyuta zako zikiwashwa asubuhi, pembeni chini ya kioo zinaonyesha tarehe gani? Na yale malalamiko yake uliyowahi kunitania, yanasemaje hasa?

Usihangaike sana. Ni kwa kumbukumbu zangu. Homa ya mtoto imeshuka.

Mdogo wako

*

Mei 1

Mdogo wangu,

Hatimaye binti ameondoka! Ungeona sanduku lake. Wifi yako alilifunga, akalifungua aongeze taulo, akalifunga, akalifungua aongeze taulo la kukaushia taulo la kwanza. Mpaka tunafika kituoni nilikuwa nimelibeba kichwani, begani na mgongoni, na ule mgongo unaoujua ukanikumbusha umri. Shule ni nzuri mno. Wana maabara tatu. Bomba linatoa maji kila ukilifungua! Mwalimu wao wa sayansi ni kijana mwenye miwani, ananiita Mzee. Binti hakulia. Alinishika mkono kwa nguvu tu, halafu akaniachia.

Nyumbani pamekuwa kimya. Kiti chake wifi yako anakiwekea nguo zilizokauka, ili kisionekane kitupu.

Mvua huku zimechelewa, mboga zimekuwa haba. Na mkuu wa shule ameniteua kuwa mkuu wa idara, mimi mwenye sinki kavu. Hebu cheka.

Kuhusu kompyuta, sikumbuki vizuri. Nadhani zinaandika tarehe za zamani huko. Fundi aliwahi kutaja betri ndogo za ndani. Si mambo makubwa.

Mbusu mtoto mwenye mguu wa baridi.

Kaka yako

*

Mei 8

Kaka,

Barua hii nimeianza mara nne. Sasa naiandika bila kuipamba, nisije nikaichana tena.

Rula hakunakili. Binti naye hakunakili. Kosa ni langu.

Nilipofungua flashi yako mwezi wa nne niliona kazi zote, za wanafunzi wote thelathini na sita, zimeandikwa tarehe moja: siku ya kwanza ya mwaka ambao mimi na wewe tulikuwa bado hatujui kompyuta ni mnyama gani. Betri zimekufa. Kompyuta ikizimwa inasahau siku, ikiwashwa inarudi palepale mwanzo. Ndiyo maana inalalamika. Uliniambia kwenye barua yako ya kwanza kabisa, nikacheka utani wa wifi nikapita.

Programu yangu inaitegemea saa hiyo. Na zamani, nilipokuwa bado naijaribu mimi mwenyewe mezani kwangu, nilikuwa na springi nne za majaribio. Nikaiandikia programu amri: saa ikiwa mbovu, usisimame, toa mojawapo ya hizi nne kwa kufuata namba ya kompyuta, somo lisikwame. Ilikuwa ya muda tu. Nikaisahau humo. Nilipokwambia naijua kama kiganja changu, amri hiyo ilikuwa imo.

Kwa hiyo darasa lako zima, watoto thelathini na sita, lilikuwa na springi nne. Wa kompyuta tatu za meza ya dirishani, kwa zamu zote, ni watoto tisa wenye springi moja. Ugumu wake ni 4.37. Mmoja aliandika 3.8, mwingine 4.9, mwingine 4.1, walipima ovyo. Waliolingana ni wale waliopima vizuri. Nimefungua kurasa zao. Binti alitundika mawe, moja baada ya jingine. Rula alifanya vile vile alivyokwambia chumba cha walimu, alihesabu.

Hukufungua kurasa, Kaka. Nami nilikupa kitufe cha kutozifungua.

Na sina haki ya kukusema, kwa sababu haya yote niliyajua tangu Aprili 19. Swali langu la tarehe halikuwa la udadisi. Nilikuwa natafuta uniambie tarehe zenu ni sahihi, ili iwe si mimi. Watu wa zile shule kumi na tisa walikuja, nikawapikia chai, wakanisifu, nikasifika. Wiki tatu mtoto wa watu anaitwa mwizi kwa neno langu, na mimi namimina chai.

Zile shule nimeziandikia leo kwamba programu ina kosa na wasiiguse. Wewe nenda kwa mkuu wa shule. Mpelekee barua hii hii kama unataka, nimeiandika kwa mkono wangu na sahihi yangu iko chini.

Tafadhali, Kaka.

Mdogo wako

*

Mei 30

Kaka,

Wiki tatu. Posta nimewauliza, wanasema bahasha ilipokelewa na mwenyewe, kwa sahihi. Sahihi yako naijua, mkia wake unafika ukurasa wa pili.

Sikuandikii kukugombeza. Lakini tarehe 15 Juni nitapanda basi nije mwenyewe, niingie ofisini kwa mkuu wa shule na kurasa za watoto mkononi. Ningependa nikukute umeshaingia kabla yangu.

Mdogo wako

*

Juni 11

Mdogo wangu,

Usije. Nimekwenda. Subiri nikueleze kwa mpangilio, maana nimechoka kuuma maneno.

Nilijua kabla hujaniambia. Uliponiuliza tarehe, siku hiyo hiyo nilibaki maabara baada ya vipindi, nikawasha kompyuta zote kumi na mbili na safari hii nikasoma yale maandishi meupe. Miaka miwili nayanyamazisha kila asubuhi, sijawahi kuyasoma hata mara moja. Nikakumbuka maneno yako kuhusu saa. Nikafungua kazi ya binti na kazi ya Rula, nikaziweka kioo kwa kioo. Sikuhitaji dakika tano. Hazifanani hata kidogo. Nikazifunga, nikazima kila kitu, nikarudi nyumbani, nikamkuta wifi yako anafunga sanduku.

Hapo ndipo nilipokuwa mwizi mimi. Machi nilikosea, sawa, mtu hukosea. Lakini barua ya Mei mosi, yenye taulo na bomba la maji, niliiandika huku nikijua. Nilicheka humo ili usiniulize tena. Fundi wa betri sikumsingizia, ila alikuwa ameniambia mwaka juzi kwa maneno matupu kabisa: mwalimu, badilisha hizi. Nikamwambia tutaona.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza? Binti yangu aliponiachia mkono pale kituoni alisema, "Baba, nimeipata mwenyewe, eh?" Nikamwambia, "Umeipata mwenyewe." Basi kila nilipotaka kwenda kwa mkuu wa shule nilikiona kile kimkono. Huo ndio ukweli, na hata hautoshi. Nilikuwa pia naogopa kumwaga unga, nifukuzwe kazi. Na niliona raha kuitwa mkuu wa idara. Nakuandikia vyote, usije ukafikiri ni mapenzi ya baba tu.

Wiki iliyopita nikapiga moyo konde. Mkuu wa shule alinisikiliza, akasoma barua yako mara mbili, akauliza, "Na hii ungetaka nani mwingine aijue?" Nikaelewa ananifungulia mlango wa kutokea. Nikasema nataka ajue kila aliyesikia lile la kwanza. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata, wanafunzi wakiwa mstarini, nilisimama mbele yao wote. Nikasema Rula hakunakili, yeye na mwenzake walipima vizuri kuliko wote, na mimi nilimlazimisha akiri. Hakuna aliyecheka, na ningeshukuru wangecheka. Rula hakuwepo. Hajafika shule tangu Aprili, na mimi nilikuwa naandika "hayupo" kwenye daftari la mahudhurio kama vile naandika hali ya hewa.

Ule ukuu wa idara nimeurudisha. Shule maalumu nimewapigia simu na kuwaandikia. Wamejibu kwamba hawawezi kumtoa mtoto katikati ya mwaka kwa kosa la mtu mzima, lakini nafasi ya mwakani ya shule yetu watamshikia Rula, bila mtihani, wakipata maelezo yangu na kurasa zake. Mwaka mzima nimeuchukua wa mtoto. Sina pa kuutoa.

Binti nimemwandikia. Amejibu mstari mmoja: "Baba, mimi nilimwita mwizi mbele ya watu." Hakuweka salamu, wala hakuweka jina.

Kesho nakwenda kwa Rula. Nyumba yao sijawahi kuingia. Sijui nivae vipi, wifi yako anasema nivae kama mtu.

Kaka yako

*

Juni 27

Kwa Fundi wa programu,

Shikamoo. Mwalimu amesema nikuite Shangazi. Nimeona bado mapema, kwa hiyo naandika Fundi. Anwani yako amenipa yeye, na nimemwambia nitakuandikia, ila sikumwambia nini.

Mimi ni yule wanayemwita Rula. Sasa hivi niko nyumbani, ila asubuhi namsaidia mama kukunja mashuka hospitali. Nakunja arobaini na mbili kwa saa. Mwanzoni nilikuwa nakunja thelathini na moja.

Mwalimu alikuja siku ya Alhamisi. Alikaa dakika hamsini na chai yake hakuinywa. Mama alimpa kiti cha mgongo, sisi tukakaa kitandani. Alisema yote, na ya saa mbovu, na ya springi nne, na ya kuwa alijua akanyamaza. Alisema na habari zako, kwamba na wewe ulinyamaza wiki tatu. Alitaka kupiga magoti, mama akamwambia, "Keti, mwalimu, nyumba yangu ndogo." Halafu mama akaniangalia mimi. Aliniangalia muda mrefu. Hajaomba radhi kwa lile kofi, lakini tangu siku ile chakula chake ananigawia mimi kwanza, nami nakula.

Nataka ujue kitu ambacho mwalimu hakijui, kwa sababu hakuniuliza. Anafikiri nilikiri kwa kuchoka. Siyo kuchoka. Siku ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuamini. Mwalimu alisema mashine haiwezi kukosea, na aliyeitengeneza amesema haiwezekani, na rafiki yangu amesema siyo yeye, na mimi nilikuwa nawaamini wote watatu. Nikahesabu: amebaki nani? Nikafikiri labda jicho langu liliteleza likaona kioo cha mwenzangu, kichwa kikaiweka ile namba bila kunipa habari. Mpaka mwalimu alipokuja nilikuwa sijui kama mimi ni mwizi au siyo. Nilikuwa nikipita mahali pana kitu cha watu naweka mikono nyuma, isije ikachukua bila mimi kujua.

Binti yake amenitumia barua. Ni nene. Sijaifungua. Sijamkasirikia sana, ila nikiifungua nitalazimika kujibu, na bado sina jibu.

Mwakani nitakwenda ile shule. Wamesema wanashika nafasi. Mwalimu alisema hilo akitegemea nitafurahi, nikamwambia asante. Nafurahi. Ila kuna kitu nilimwuliza mlangoni, alipokuwa anavaa viatu. Nilimwuliza, "Mwalimu, ile njia yangu ya kuhesabu, ilikuwa sahihi?"

Akasema, "Nimefungua kurasa zako, haifanani kabisa na ya mwenzako."

Nikamwambia hilo nalijua tangu siku ile ya kwanza. Nauliza kama ilikuwa sahihi. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Akasema hajaisoma. Aliitazama tu kuona kama imefanana.

Nimeona kwenye barua yako, alituachia tuisome, kwamba na wewe ulifungua kurasa zangu. Lakini ulikuwa unatafuta kosa la programu. Kwa hiyo nafikiri na wewe hujaisoma. Ile kazi niliifanya kwa vipindi sita. Kwenye ukurasa wa tisa nilifuta kila kitu nikaanza upya, kwa sababu niligundua nilikuwa nahesabu vibaya, na nimeandika humo kwa nini. Kuna mahali sikuelewa, nimeandika pia kwamba sielewi. Nilidhani mwalimu akifika hapo atanieleza.

Majibu mengine yote mmeshanipa, kwamba sikunakili, kwamba mnasikitika. Nimeyapokea. Sasa naomba kaa chini unisomee kazi yangu, kuanzia ukurasa wa kwanza, halafu uniambie nilipokosea.

Rula